Goti la Wei Tong

Zamani, Wei Tong akipigwa teke kwenye filamu, Mzee Masudi alihisi kama kaumwa na mbu tu. Kila aliyemfuata nyota mtandaoni aligawana naye maumivu, na mashabiki wa Wei Tong walikuwa milioni tisa. Sasa nyota kazeeka, goti limeoza, mashabiki wamejitoa. Cherehani ya Mzee Masudi imefunikwa wiki nzima, mguu haukanyagi.

Mkewe alikuwa akimkanda goti lisilo na jeraha. "Baba Ruzuna, jitoe na wewe."

"Nikijitoa, atabaki na nani?"

Simu ikalia. Miaka ishirini alikuwa akiusubiri ujumbe huu wa Wei Tong.

"Ndugu yangu, tumebaki wawili. Kesho wananikata mguu."