Kiunganishi Kipya

Programu ya ofisi ile ilikuwa kubwa hata kompyuta ikianza kuunganisha vipande vyake, mtu aliweza kupika pilau akala mpaka ukoko. Kwa miaka mingi, Shekue na Mwatumu, waandishi wa programu hiyo, walingojea huku wakicheza bao.

Leo Shekue aliweka kiunganishi kipya, yaani programu ya kuunganisha vipande hivyo kwa haraka. Alibonyeza, akageuka kuchota kete.

“Imeshaungana,” alisema Mwatumu.

“Acha utani! Hata sijacheza.”

“Si ulitaka kasi, kaka? Haya, kasi hiyo.”

Mwatumu alianza kurudisha kete mfukoni, taratibu, kama anayefunga mizigo ya safari. Shekue akabonyeza tena, ingawa hapakuwa na kilichobaki kuunganishwa.

“Kuna kitu nimesahau.”

“Kitu gani?”

“Nitakikumbuka tu. Wewe cheza.”

Mkono wa Mwatumu ulisimama juu ya mfuko, kete zimejaa kiganjani.