Kidole Gumba cha Kapteni

Kengele ya kuonya kwamba ardhi iko karibu ililia, na kapteni akaizima kabla haijafika mbali. Miaka kumi na moja anatua kwenye uwanja huu wa ndege, na kila akipita juu ya kile kilima kilicho kabla ya uwanja, kengele lazima ipige kelele za bure. Maandishi ya kitufe cha kuizimia yalishafutika, yameliwa na kidole gumba chake.

"Kengele hii ni shangazi yangu kabisa," alimwambia rubani msaidizi. "Kila siku anasema anakufa, na kila asubuhi yuko jikoni anachemsha chai."

Msaidizi alikuwa amekodolea macho ukungu ulioziba kioo cha mbele.

"Kapteni, kilima tumeshakipita."

Kengele ikalia tena. Kidole gumba, kwa mazoea, kikaizima.