Kidoti cha Piyaya

Kwenye kompyuta ya Naomi, kidoti cha kijani mbele ya jina la Selestina kilikuwa kimewaka tangu asubuhi, na hakikuonyesha dalili ya kuzimika.

"Bosi, tumtoe tu," Naomi alisema. "Dakika kumi naweka toleo jipya, kisha anarudi."

"Umtoe Selestina? Thubutu!" Bosi Godson aliinua uso kutoka kwenye chapati yake. "Umkate mtu yuko kazini, mgeni apotee kwenye orodha, halafu mkataba wa kudumu utausikia redioni."

Naomi aliondoa kidole kwenye kitufe. Alikuwa kwenye miezi ya majaribio, na kompyuta alijifunzia kwenye masomo ya jioni. Mkataba ule aliuota hata akiosha vyombo.

Mfumo wa kampuni uliunganisha ofisi ya Karatu na kambi zote za wageni, mpaka Loliondo. Ulikuwa mzito huo! Ukibonyeza popote, kitembo cha bluu, nembo ya kampuni, kinazunguka kwenye skrini, kinazunguka, chai inapoa. Toleo jipya lingemaliza balaa hilo, ila lilitaka kwanza kila mtu atoke. Wengine waliingia, wakafanya lao, wakatoka. Selestina, mpokea wageni wa kambi ya Piyaya, alibonyeza kutwa nzima.

Kwa juhudi hizo alishachukua mbuzi wa mfanyakazi bora miezi miwili mfululizo.

"Lakini bosi, ona majina anayotafuta." Naomi alisoma kwa shida: "Bbbnnm. Zzzk. Mmmjjj."

"Hao wageni wa Polandi. Endelea kusoma, utazoea."

Naomi akapekua kumbukumbu za wiki nzima. Kila siku saa nane mchana, kidoti cha Piyaya kilizimika kwa dakika arobaini.

"Anakula," bosi alisema.

"Dakika arobaini?"

"Anatafuna vizuri. Binti katulia yule, siyo kama nyie."

Saa nane ikafika. Kidoti kikazimika. Naomi akamwomba Mungu, akabonyeza. Dakika kumi baadaye mfumo ulikuwa mpya, unafunguka kabla hujatoa kidole, na hakuna mgeni aliyepotea.

Bosi akasaini mkataba kwa mbwembwe, saini imevuka mstari.

Saa tisa kasoro robo simu ikaita kutoka Piyaya. Bosi akaweka spika, asikilize sifa kwa raha zake.

"Selestina, mama! Unauonaje mfumo? Fasta, eh?"

"Shikamoo, bosi. Kile kitembo kiko wapi?"

"Tumekifukuza!"

"Kirudisheni, bosi, nawaomba!" Selestina alipaza sauti kushinda kilio kilichojaza ofisi nzima. "Mwanangu Tobiko ameamka, anabonyeza, hakitokei. Ana miezi tisa, nitamweleza nini?"