Nukta Zinazorudi

Zamda alikuwa amechoka hadi macho yanamuuma. Tangu asubuhi alikuwa akipanga kasoro za mfano wa kompyuta ulioonyesha jinsi watu wa mji wao wangekimbia mafuriko: za hesabu huku, za vipimo vya mto kule. Ilibaki moja ambayo hakujua aiweke wapi. Kwenye skrini kila mtu alikuwa nukta, na king'ora kikilia, nukta zote zilivuka daraja kuelekea mlimani. Hakuna hata moja iliyogeuka.

"Hiyo nayo ni kasoro?" aliuliza Mzee Shomvi, mkuu wake. "Iandike kuwa kasoro ndogo, mwanangu, tumalize. Kesho watu wa manispaa wanauchukua mfano huu."

"Hesabu ni sahihi, mzee. Ila watu hawako hivyo." Zamda aligusa nukta moja kwenye skrini. "Mafuriko yaliyopita, mume wangu alikuwa ameshavuka daraja. Akarudi kumchukua mama yake."

Mzee Shomvi alitazama chini. "Basi iite unavyoona."

Zamda akaiandika kuwa kasoro kubwa: mfano hauwajui watu. Kisha akabadilisha kanuni, ili walioacha wazee au watoto nyumbani waweze kurudi, akauendesha upya. Nukta zikamiminika darajani, halafu moja ikasimama katikati, ikageuka. Nyingine ikaifuata. Zilizokuwa zikija zikakutana na zilizokuwa zikirudi, na daraja likajaa, huku rangi ya buluu ya maji ikipanda taratibu kutoka mtoni. Mzee Shomvi alivuta kiti, akaketi kando yake.