Jozi Pana

Wodini, fundi viatu alifunua miguu ya mwanawe kabla ya kumtazama uso.

Daktari alishawaambia: mzazi mmoja akiwa na vidole sita mguuni, mtoto kurithi au kutorithi ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo fundi alishona jozi mbili, nyembamba na pana. Leo alibeba nyembamba tu. Utoto wake wote aliitwa Jongoo, na hakutaka mwanawe arithi jina hilo.

Akahesabu vidole, akarudia, vikabaki sita.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nikusamehe nini, Jongoo wangu?" Mkewe akacheka, akatoa jozi pana chini ya mto. "Uliificha vibaya. Mimi niliolewa nikiiona miguu yako. Haya, mvalishe mwanao, anapigwa na baridi."