Uzito wa Mbele

Obura alipunguza upepo kwenye magurudumu ya karavani kwa mara ya tatu alfajiri hiyo, akayabonyeza kwa goti, akaona bado magumu. Akapunguza tena kidogo.

Karavani ile, kijumba cha kuvutwa na gari, ilijulikana shamba zima la Bahati kwa ukorofi. Ikifungwa nyuma ya Land Rover ilipiga mkia kama ng'ombe mwenye nzi. Bwana Whitcombe, mwenye shamba, alikuwa amebadilisha springi, akabadilisha ndoano ya kuivutia, akawaandikia hata waliomuuzia. Kila safari iliishia palepale: inaanza kuyumba, anaamuru gari lisimame, anafungua mlango na kutoa kila kitu nje ili apange upya.

Leo haikutakiwa kuyumba. Leo haikutakiwa kufunguliwa.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, na serikali ilikuwa ikiwaondoa Wakikuyu mashambani. Jina la Wachuka, mke wa Obura, lilikuwa kwenye orodha pamoja na la mama yake, Rahab. Kuolewa na Mjaluo hakukumsaidia kitu. Karani alitaka cheti, na wao walioana kwa ng'ombe. Lori lingekuja asubuhi hiyohiyo. Lakini Bwana naye alikuwa anakwenda Kisumu kuvua samaki, na kabla ya Kisumu kuna Ahero, kwa kina Obura, ambako binti yao Akoth alishatangulia kwa nyanya yake.

Chini ya kitanda cha mbele cha karavani kulikuwa na kasha refu la mbao. Obura alikuwa amelitoboa matundu ya hewa. Kulipoanza kupambazuka alimlaza Wachuka humo.

"Uzito ukikaa nyuma ya magurudumu, inapiga mkia," alimweleza. "Ukikaa mbele, inatulia. Bwana hajui hiyo. Wewe lala hapa mbele kabisa, na usisonge. Nikigonga usijibu."

"Na Mama ataenda na nani, Baba Akoth?"

Kasha lilikuwa la mtu mmoja. "Mungu atamwona," alisema Obura, akaona aibu kwa jinsi maneno yale yalivyokuwa mepesi mdomoni. Akafunika ubao, akaiacha karavani kando ya stoo ya viazi, akapanda nyumbani kwa Bwana kumngoja.

Chai ya Bwana ilichukua saa nzima. Akiwa kule juu Obura alisikia lori likija, watu wakiitwa majina, lori likiondoka. Hakuweza hata kushuka kutazama.

Aliposhuka, Bwana alikuwa ubavuni pake. Obura aliweza tu kugonga ubao wa nje wa karavani mara moja kwa kidole, kama fundi anayepima mbao, kisha akashika usukani.

Karavani ilifuata kwa adabu. Walipokaribia Nakuru, Bwana alikuwa amejimiminia chai kutoka kwa thermos, na hakuna tone lililomwagika.

"Obura, leo hii kitu hapana cheza kabisa! Wewe nafanya dawa gani?"

"Nimepanga mizigo tu, Bwana."

Penye reli mjini walisimamishwa ili malori matatu yapite kwenda kambini, yamejaa wanawake, watoto na masufuria. Kwenye la mwisho Obura alimwona mama mkwe wake. Papo hapo akainamisha macho, maana kwao mwanamume hamkodolei macho mama wa mkewe, hata awe juu ya lori la serikali. Alichowahi kuona ni mtu mwingine kando yake, amejifunika blanketi gubigubi, amemshika mkono yule mama. Obura akamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo. Angalau Mama hakuwa peke yake.

Mbele ya mji lami ikaisha. Kila shimo Obura alilisikia mbavuni mwake. Alitaka kusimama, alitaka kumpa maji, alitaka kusikia sauti yake mara moja tu, na hakuna alichoweza ila kukanyaga breki taratibu na kusema moyoni, pole, Mama Akoth, pole. Huko juu kwenye kona za Mau upepo uliwapiga ubavuni, upepo uleule uliokuwa ukiwatesa kila mwaka. Karavani haikutikisika. Yupo, alijiambia. Ametulia palepale nilipomlaza. Alikaribia kuimba.

Kwenye kizuizi cha Mau Summit, ofisa kijana wa polisi alimpigia Bwana saluti na kutaka kuwapisha. Mambo yangeishia hapo kama Bwana angejua kunyamaza. Lakini alishuka, akaanza kusifu mwendo wa karavani yake, akionyesha kwa mkono jinsi ilivyokuja imenyooka. Ofisa akakuna kichwa. Naye alikuwa na karavani, nayo ilikuwa ikipiga mkia. Akaomba aone ilivyopangwa.

"Obura! Fungua!"

"Ni mizigo tu, Bwana. Hakuna kitu ya kuona."

"Fungua, fungua! Yeye nataka jifunza."

Askari wanne walikuwa wamesimama na bunduki, na barabara ilikuwa wazi pande zote, bila hata kichaka. Alifungua mlango kwa sababu hakukuwa na lingine la kufanya. Bwana alitangulia ndani, akasukuma magodoro, akapiga ubao wa kasha la mbele kwa kiganja, akacheka kwa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo. Kisha akauinua.

"Viazi!" alimwonyesha ofisa. "Ona! Obura najaza viazi!"

Kasha lilikuwa limejaa hadi ukingoni, debe juu ya debe, viazi vimesukumwa vyote upande wa mbele, na juu yake kimetandazwa kitambaa cha kichwa cha Wachuka, pembe zake zimechomekwa vizuri ili kisiruke hata kiazi kimoja.