Karatasi ya Damu ya Tunu

Jumanne ya tarehe tisa Machi, Tunu alivua viatu sokoni akaanza kuwahutubia samaki wa kukaanga. Diwani, mkubwa asiyeulizwa, akasema anajifanya kichaa, afungiwe stoo, kama alivyofungiwa mama yake Tunu mpaka akafa.

Wiki mbili baadaye daktari alimpa Shomvi, baba yake Tunu, aliyempeleka binti hospitali badala ya stoo, karatasi ya maabara.

“Kimeng'enya hiki kimepanda kwenye damu.”

“Ndiyo jini gani hilo?”

“Si jini, mzee, ni kemikali ya mwili. Peke yake hakitoshi kuthibitisha ugonjwa, lakini kwa yote niliyoyaona, binti hajifanyi. Anaumwa, na dawa ipo.”

Shomvi aliitia karatasi ndani ya kofia yake, akacheka mpaka machozi, kisha akamgeukia Tunu.

“Vaa viatu, mwanangu. Twende kwa diwani atuambie, damu ya mama yako nani aliipima?”